Barafu ya Loretta

Jumapili, 1 Juni

Randall amekuja tena na ile kofia yenye masikio ya panya. Kanisani! Ameoa dada wa mke wangu, anakaa ng'ambo ya barabara, na ameshaenda kwenye bustani ya michezo ya Florida mara tatu. Mlangoni ameniuliza, mbele ya mchungaji, sisi tunakwenda lini. Nikasema Agosti. Akacheka. "Agosti ya mwaka gani, shemeji? Brenna atafika huko na wajukuu!"

Imeniuma, maana ni kweli. Binti yangu ana miaka kumi, na ahadi nilimpa akiwa na sita. Jana nimemsikia akimwambia mama yake kwamba mwakani atakuwa mkubwa, ataona haya kukumbatiana na panya wa bandia. Mwaka huu au basi tena.

Mke wangu Loretta hana wasiwasi. Kila baada ya wiki mbili hununua dukani kadi moja ya bustani hiyo, kadi yenye pesa ndani, na kuificha. Yeye anapakua chakula jikoni shuleni, mimi nasafisha madarasa ya shule hiyohiyo, na likizo hii hatulipwi hata senti. Bado kadi zinaongezeka! Ijumaa tunakula maharage na mkate wa mahindi. Nywele za Brenna anazikata mwenyewe. Mimi nachangia kwa upara. Namvulia kofia mwanamke huyu.

Imebaki hoteli tu. Haba na haba hujaza kibaba, sawa, lakini kibaba chetu kina miaka minne! Hoteli nitaimaliza mimi, kwa mpigo mmoja.

Kadi ziliko hataki kuniambia. Ati kwa sababu ya minyoo. Mwaka jana niliuza kadi mbili, nikanunua minyoo ya chambo ili nifuge na kuuza. Ikafia gereji, yote. Mtu akosee mara moja tu!

Jumanne, 3 Juni

Nimeanza kukata nyasi za majirani. Bi Ottinger, mjane wa nyumba ya kona, aliniachia ua wake akaenda kung'olewa jino. Kazi safi kabisa! Aliporudi akauliza yako wapi maua aliyopanda marehemu mumewe. Maua? Mimi niliona magugu marefu. "Miaka yote hii nayatunza, Verlin, wewe umeyamaliza kabla ganzi haijanitoka mdomoni!"

Loretta hakufoka. Alitoa kiti uani, akakata nywele za watoto wa mtaa mzima kwa malipo, akanunua miche, akaipanda mwenyewe. Bi Ottinger akamletea pai ya tufaha kwa shukrani. Mimi sikupewa hata makombo. Lakini hebu mtazame mke huyo! Ningekuwa yeye, ningekuwa nimeshamwacha Verlin.

Alhamisi, 5 Juni

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumamosi ni siku ya mji mzima kutandaza vikorokoro uani na kuviuza. Wenzangu watauza taa mbovu. Mimi nitawauzia kitu cha kukata kiu! Maji ya limau, ya baridi kali.

Loretta ameuliza barafu nitatoa wapi. Nimemjibu hilo ni jambo dogo. Amenitazama kama mtu atazamavyo mbwa aliyekaa karibu na keki.

Jioni habari mbaya. Randall naye atauza maji ya limau. Ana mashine ya kutengeneza barafu. Ina taa!

Jumamosi, 7 Juni

Jua la kuchoma mawe. Loretta alikuwa kwa Bi Ottinger, akimsaidia kupanga vyombo vya kuuza. Kufika saa tano barafu yangu imekwisha, maji ya limau yamekuwa supu, na wateja wanavuka barabara kwenda kwa Randall. Alinipungia mkono. Nilikimbilia kwenye friza la chumba cha chini. Nikafukua chini ya mbaazi, na nini hiki? Mapande manne ya barafu, makubwa kama mikate, meupe kama maziwa! Nilikaribia kulia. Mke anayeweka akiba hata ya barafu! Yote manne nikayatumbukiza kwenye pipa la maji ya limau.

Wakarudi mbio! Saa nane foleni ilifika kwa jirani wa tatu. Randall mwenyewe akaja kuonja. Akanywa, akasita, akachungulia glasi. "Shemeji, mbona maji yako yananichekea?" Akatoa kadi mle ndani. Ina picha ya panya anayecheka.

Nilichungulia pipani. Kadi zinaogelea. Nyingine nilikuwa nimekwisha kuwachotea watu, nao wakazimwaga nyasini pamoja na masalia ya barafu.

Brenna alikuwa wa kwanza kuelewa. Hakulia. Alisema tu, "Baba," kwa sauti ndogo, na heri angenipiga.

Loretta akavuka barabara. Akaamuru mtu yeyote asiondoke, na hakuna aliyethubutu. Mtaa mzima ukapiga magoti kwenye nyasi kuzitafuta, hata Bi Ottinger na pengo lake. Na Randall! Alifunga biashara yake, akavua ile kofia, akatambaa chini ya ua wa miiba mpaka akatoka na kadi ya mwisho na shati limechanika. Siwezi kumchukia tena wiki hii.

Loretta akapiga simu kwenye namba iliyo nyuma ya kadi. Pesa zote zimo. Nikamuuliza kwa nini barafu, jamani? Akasema nilikwisha kugundua maficho yake mengine yote. "Lakini kusubiri, Verlin, hujawahi kuweza. Nikaona, hata ukizipata, mpaka barafu iyeyuke utakuwa umeshatafuta wazimu mwingine."

Mwanamke ana akili huyu!

Jumapili, 8 Juni

Mauzo ya limau yamelipa hoteli. Agosti tunakwenda! Brenna amepiga kelele mpaka mbwa wa Randall wamejibu. Amenikumbatia. Sina cha kuandika hapo, macho yananisumbua.

Jana usiku Loretta alinikabidhi kadi nizigandishe tena. Mimi! Imani iliyoje! Nimezigandisha vizuri, zimekuwa jiwe.

Baada ya chakula cha mchana Randall amenidokeza kwamba anauza ile mashine ya barafu, bei ya shemeji. Mashine yenye taa! Kufika Agosti tungekuwa na pesa ya hoteli yenye bwawa. Inahitajika kadi moja tu, ya kuanzia.

Niko chumba cha chini. Pande la barafu liko mapajani, mashine ya Loretta ya kukaushia nywele inavuma. Barafu haitikisiki. Kumbe najua kugandisha!

Brenna ameshuka. Ameniuliza nafanya nini. Nimemwambia nakagua usalama wa kadi. Amechomoa waya, amechukua mashine, amepanda nayo ngazi. Mama yake mtupu! Nimejivunia.

Randall lazima ana mashine kama hiyo ya kuniazima. Nitamwambia ni ya nywele zangu. Labda hatakumbuka upara.