Sema Dimbwi

Jumatatu, 2 Juni
Afisa wa serikali kuu anakuja Alhamisi kukagua kona yangu ya bondeni. Akiiita kinamasi, basi, sheria inakilinda! Sichimbi mfereji, sikaushi, silimi. Mahindi yangu yote ya kona ile, kwaheri! Nimempiga marufuku mke wangu, Lavonne, kulitamka neno hilo. Hapa kwetu kuna dimbwi la mvua tu. Kaniuliza ni dimbwi gani hilo lililomzidi umri baba yangu.

Jumanne, 3 Juni
Nimefyeka matete yote. Safi kama kidevu cha mchungaji! Tope limemeza buti langu la kushoto. Lavonne kasema, mume wangu, dimbwi lako lina njaa.

Jumatano, 4 Juni
Ushindi! Mkahawani wanasema bwawa la kunyweshea mifugo, lililochimbwa na mtu mahali pakavu, sheria hailigusi. Tatizo dogo: sina mfugo. Nimemwendea jirani, Delmar, kuazima ng'ombe wake, Gertrude. Kauliza wa nini. Nikasema nahitaji wa kuzungumza naye. Kasema sawa, Arvid, lakini hata huyo atachoka.

Alhamisi, 5 Juni
Afisa ni Bi. Quist, binti mdogo, miwani mikubwa. Rahisi! Nimemwonyesha bwawa la ng'ombe alilochimba marehemu babu kwa mikono yake. Nilitoa na chozi. Kasikiliza kwa adabu, kisha kadidimiza chuma ardhini, katoa udongo wa kijivu, kaunusa. Kasema, mzee, udongo huu umelala majini tangu babu yako hajazaliwa. Nikamwita Gertrude aje anywe, awe shahidi. Kaja. Kazama hadi tumboni! Delmar huyo, mbio, anapiga yowe: we Arvid, umemtosa ng'ombe wangu kinamasini!

Neno limetoka. Tumemvuta Gertrude kwa trekta. Hakunitazama.

Ijumaa, 6 Juni
Uamuzi: kinamasi. Nisiguse hata unyasi. Lakini Bi. Quist, moyo wa dhahabu, kanieleza kwenye simu kwamba mtu huweza kuruhusiwa kukausha kinamasi kama kwanza atatengeneza kingine kwenye ardhi yake. Kasema ni kazi ya miaka, ya wataalamu. Hapo nilikuwa nimeshakata simu.

Jumapili, 8 Juni
Lavonne kaenda kanisani. Mimi nimesingizia mgongo. Mpira wa maji unatiririka kwenye bustani yake ya mboga tangu alipofunga geti. Njegere zimelala chali, saladi zinaelea. Kinamasi kizuri sana, na bado asubuhi!

Sidhani kama atagundua.