Wimbo Usio na Maneno Waingia Redioni

Jumatatu, 4 Machi
Mtangazaji wa kipindi cha jioni kaurudisha wimbo wetu. Anasema alingoja uanze kuimbwa, mara ukaisha. Nikamweleza kuwa tunapiga roki isiyoimbwa: magitaa, besi, ngoma, basi. Akauliza mwimbaji anaumwa nini.
Shemeji, mpiga ngoma wetu, kaapa: wiki hii tusiposikika redioni, anahamia bendi ya harusi. Namjua. Hatanii.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtuma shangazi apige simu kituoni aombe wimbo wetu. Jina la wimbo kalisahau. Maneno hauna. Akaamua kuuguna. Mtangazaji akamkatiza hewani, akamshauri awahi hospitali. Shangazi kaninunia. Hata salamu haitikii.

Jumatano, 6 Machi
Nimekwenda kituoni mwenyewe. Mtangazaji kanikwepa. Fundi mitambo ndiye aliyenisikiliza, hedifoni sikio moja. Akafumba macho. Akasema wimbo una huzuni nzuri, atautafutia nafasi. Nimerudi shingo juu kama twiga.

Alhamisi, 7 Machi
Tumepigwa! Saa ya chakula cha mchana. Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Kinyozi akazima mashine. Kwenye duka la jirani wakanyamaza. Barabarani mtu akavua kofia. Kumbe watu wana masikio kiasi hiki? Ndipo sauti nzito ikapanda juu ya gitaa langu: "Tunasikitika kutangaza kifo cha..."
Kumbe ndiyo nafasi yenyewe. Matangazo ya vifo.

Ijumaa, 8 Machi
Mazoezi. Tulipogusa nyuzi tu, majirani wakaja na viti vyao, wakauliza msiba ni wa nani. Shangazi akafika mbio, kilio kimemtangulia, hajui amlilie nani. Akanikumbatia. Kinyongo kwisha.
Shemeji akaniuliza polepole, "Ndiyo sifa hii?"
Nikakaza nyuzi. Nilitaka sana kujua ni noti ipi hasa inayowaliza. Nikarudia kile kipande. Wakalia tena, palepale! Nikarudia. Shemeji akabeba ngoma zake, akaondoka bila kuaga.

Jumamosi, 9 Machi
Nimewaza hadi kichwa kinauma. Kosa nimeligundua. Wimbo wetu hauna ila. Ila iko kwenye matangazo: ni mafupi mno, yanaisha kabla ngoma hazijaingia. Ndiyo maana Shemeji kaumia, na ana haki.
Jumatatu naenda kumwomba fundi mitambo: marehemu wasomwe taratibu, pamoja na wajukuu, vitukuu na wakwe wote.