Paiki wa Ratili Kumi na Moja

Jumatatu, 9 Agosti 1886
Gazeti limemtaja tena Orrin Whipple! Wiki ya tatu mfululizo! Mtu wa kuchonga majeneza, leo eti "mvuvi hodari wa Ziwa Tamsen". Safari hii kavua samaki aina ya paiki wa ratili kumi na moja. Mistari minne mizima! Mimi, Lucius Pettibone, fundi hatamu, nimeishi hapa Harlow miaka arobaini na moja, na gazeti limeniandika mara moja tu, mbuzi wangu alipokula maua ya kanisani. Hata siku hiyo aliyeandikwa zaidi ni mbuzi.

Nimeapa. Jumamosi hii jina langu litatoka. Mke wangu Almira akauliza, kwa kosa gani?

Jumanne, 10 Agosti
Nimeigundua siri ya Whipple: chambo chake ni vyura. Nikakamata sita, nikawatia ndani ya kofia, nikaingia ziwani kwa mtumbwi. Katikati ya maji wakatoroka wote. Nikasimama kuwazuia. Kumbe mtumbwi hautaki mtu asimame!

Aliyeniopoa ni Whipple, kwa ndoano yake, kwenye kola ya koti. Akapaza sauti ufukwe mzima usikie: "Jamani, huyu nimpeleke kwa mhariri akapimwe?" Nilitamani kuzama tena.

Jumatano, 11 Agosti
Nina mafua. Lakini kichwa kinafanya kazi. Mhariri Tuttle haandiki habari ya samaki ambaye hajampima kwa mizani yake, na adabu ya mji ni kwamba ukishapimiwa, samaki unamwachia yeye. Sawa. Ila hakuna aliyesema lazima uwe umemvua!

Nikamwendea Amos Crane, mlinzi wa ghala la barafu ambamo watu wa mji huhifadhi samaki wao. Hatamu ya farasi wake imekatika. Nikiitengeneza, atanipa samaki wake wa ratili nne. Mimi ni mtu wa akili sana.

Alhamisi, 12 Agosti
Hatamu tayari. Amos akabaki mlangoni na kiko chake, akaniambia nichukue wa tatu kushoto. Nikafukua unga wa mbao juu ya barafu. Wa tatu: kitu cha kusikitisha. Wa nne: Mola wangu! Paiki mrefu kama mkono wangu! Mkono ndio uliochagua, si mimi. Tena amefungwa uzi mwekundu wa sufu kwenye shavu, tayari kwa kubebwa. Sijawahi kuwa na cha kuhifadhi mle, kwa hiyo sikujua kama wana huduma nzuri hivyo.

Ijumaa, 13 Agosti
Nimempitisha barabara kuu, akining'inia kwa uzi wake mwekundu. Mara mbili, maana mara ya kwanza baraza la hoteli halikuwa na watu.

Nikamsimulia Tuttle: saa nzima kwenye matete, mshipi karibu kukatika, nikasali. Bibi Tuttle akatoka jikoni, akamtazama samaki, akautazama uzi, akajiziba mdomo kwa aproni, akarudi ndani mabega yakimtetemeka. Nilimgusa moyo, masikini. Mizani ikasema kumi na moja. Sawa kabisa na wa Whipple! Tuttle akaniomba nirudie polepole, akaandika kila neno.

Jumamosi, 14 Agosti
Limetoka! Nanakili:

"Bwana Lucius Pettibone ametuletea paiki wa ratili kumi na moja, aliyepambana naye saa nzima kwenye matete. Tunamshukuru kwa dhati, kwa kuwa ni yuleyule tuliyeletewa na Bwana Whipple wiki iliyopita, na ambaye mke wa mhariri alimhifadhi ghalani akiwa na uzi wake mwekundu. Hatujasikia samaki mwingine aliyevuliwa mara mbili, mara ya pili akiwa amekufa."

Nikajificha chini ya meza ya kazi. Kisha nikahesabu mistari. Tisa! Whipple alipata minne! Nikatoka, nikanunua nakala sita.

Jumapili, 15 Agosti
Kanisani kila mtu alitaka kunishika mkono. Whipple akasema: "Pettibone, mwache apumzike sasa, marehemu wa watu!" Tukacheka mpaka mchungaji akakohoa. Wakanitaka nisimulie yale mapambano. Sasa yamechukua muda wa saa moja na nusu, na matete yamekuwa marefu zaidi. Sijawahi kufurahi hivi!

Njiani Almira akanieleza kwa upole kwamba kila nyumba hufunga samaki wake kwa uzi wa rangi yake. Nyekundu ni ya kina Tuttle. Kina Whipple ni bluu. Akauliza kama nimejifunza kitu.

Nimejifunza sana. Mara nyingine nitakwenda na mkasi. Bado tu hatamu ya Amos ikatike tena, na kwa kuwa niliishona mwenyewe, najua mahali pa kuanzia.