Chupa Tano za Damu Moja

Mipango hakuwahi kusoma tangazo lolote hadi mwisho, na hilo ndilo lililomponza. Siku hiyo, ukutani pa kituo cha afya, alisoma hadi neno "beseni" akatosheka. Mjamzito atakayekubali kutoa damu ya utafiti angepewa beseni lililosheheni nepi, sabuni na shali. Ndani ya damu hiyo zingetafutwa alama ndogo ndogo, ndogo kuliko aibu ya Mipango, zinazoonya mapema kwamba mimba inaelekea pabaya. Mistari ya chini, iliyosema damu zote huishia maabara moja, aliviachia vizazi vijavyo.

Mjamzito alikuwa naye nyumbani: mdogo wake, fundi cherehani mwenye mimba ya miezi saba, ambaye mumewe alikuwa safarini kikazi. Mipango alikuwa akililalia kochi lake tangu Januari kwa kisingizio cha kumtunza.

"Vituo viko vitano," alimwambia. "Na mkono unao."

"Mikono ninayo miwili, kaka. Damu ni moja."

"Damu haina kitambulisho, mdogo wangu. Badilisha mtandio, badilisha jina. Tumbo litajieleza lenyewe."

Alikataa mara tatu. Mipango akalia machozi halisi, yale anayoyatunza kwa shughuli rasmi. Wiki ilipokwisha, mabeseni matano yalikuwa nyuma ya kochi, yamefunikwa shuka, yakimngoja mwenye duka wa jirani. Na fomu tano zilikuwa na majina matano, anwani moja, simu moja na sahihi moja: ya Mipango, aliyejiandika mume.

Jumatatu simu ikalia. Mdogo wake alikuwa chumbani, kichwa kikimuuma tangu asubuhi.

"Napiga kutoka maabara," ilisema sauti ya mama mmoja mtaalamu. "Wewe ndiye mume wa mama aliyetoa damu kituo cha sokoni?"

"Ndimi, kwa neema."

"Alama kwenye damu yake haziko sawa. Si hukumu, ni onyo: huenda anaelekea kwenye kifafa cha mimba. Tunataka kumpima presha leo hii."

"Mke wangu mzima kama nondo!" Mipango akakata. Mtego huo, akajiambia. Wanataka beseni lao.

Simu ikalia tena. Sauti ile ile.

"Mume wa mama wa kituo cha stesheni?"

"Ee... ndimi."

"Pole, bwana. Na huyu hayuko sawa."

Akakata. Ikalia.

"Mume wa mama wa kituo cha uwanjani? Hivi nyumba yako ina wake, au ina foleni?"

Akakata, akachungulia chumbani. Mdogo wake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, akihangaika na ndala zisizomwingia. Juzi tu Mipango alimcheka kwamba viatu vimefupika.

"Kaka," alisema taratibu, "mbona naona vimulimuli mchana?"

Mipango, aliyewahi kumuuzia kinyozi mkasi wake mwenyewe, akapiga magoti kumvisha ndala. Simu ikalia ya nne.

"Mume wa mama wa—"

"Ni mmoja!" Mipango akapiga kelele. "Wote ni mmoja! Ni mdogo wangu, mimi si mume wa mtu, mabeseni yako nyuma ya kochi, nifungeni mkitaka, ila mleteeni gari!"

Sauti ile ile ikamjibu:

"Gari liko njiani tangu ulipokata simu ya kwanza."

Nje ikalia honi.

Presha ilikuwa juu, lakini waliiwahi. Jioni, mama na mtoto tumboni wakiwa wametulia, mtaalamu wa maabara alifika wodini.

"Mdogo wako alikuja maabara Ijumaa akakiri yote, akarudisha mabeseni manne. Majibu ndiyo yalikuwa bado. Kwa hiyo simu ya kwanza ilikuwa ya tiba. Zilizofuata zilikuwa za adabu."

"Na yale ya nyuma ya kochi?"

"Moja ni langu kihalali," alijibu mgonjwa, amefumba macho. "Mengine ya jirani, ya kufulia. Unafunua shuka wewe? Wewe husomi hata tangazo."

Mtaalamu akatandaza fomu tano na kuweka kidole mstari wa mwisho kabisa, juu tu ya sahihi za Mipango: mume wa kila mshiriki atahudhuria darasa la kuogesha mtoto, vipindi vinne.

Vinne mara tano. Ukimtafuta Mipango Jumamosi, yuko kituo cha uwanjani, mikono ya shati imekunjwa, anamsugua mwanasesere wa plastiki nyuma ya masikio. Amefika mke wa tatu.