Ombi la Kuondolewa Mashine Iliyomtia Baba Nguvu za Mikono

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Mazoezi ya Viungo,

Salaam, na pole kwa kazi.

YAH: MASHINE YA KUZUNGUSHA KWA MIKONO ILIYOPO SEBULENI KWETU

Naandika kuhusu jambo lililotajwa hapo juu. Ningeweza kuja ofisini kwako kulieleza kwa mdomo, lakini najijua. Ningefika mlangoni, ningesoma kibao chako tena na tena kama mtu anayejifunza kusoma, kisha ningerudi nyumbani na kusema nimekukuta mkutanoni.

Mimi ni binti wa yule dereva wa lori aliyeumia mgongo, ambaye miguu yake haikurudi kazini. Huenda unamkumbuka. Ndiye aliyekataa kuendelea kusukumwa na mhudumu wenu kwenye kiti cha magurudumu kwa sababu mhudumu alikata kona ya wodi bila kuonyesha ishara. Nimemaliza shule mwaka huu, na tangu nimalize kazi yangu ni kumhudumia baba. Mama yuko kiwanda cha mikate. Hutoka mapema, hurudi jioni amechoka, ananukia mkate, na hataki kuuona mkate.

Mvua zilipoanza, daktari wenu wa mazoezi, yule mwenye viatu vya kijani, alituletea mashine. Kwa asiyeijua, ni kama pedali za baiskeli zilizopanda mezani. Mgonjwa hukaa mbele yake, hushika vishikio viwili na kuvizungusha kwa mikono. Waya mmoja huenda kwenye runinga, na humo kuna gemu la mashindano ya magari. Ukizungusha kwa kasi, gari linakimbia. Ukizungusha kinyumenyume, linafunga breki, kisha linarudi nyuma. Ukikandamiza kishikio cha kushoto au cha kulia, linakata kona. Daktari alisema itampa baba mikono yenye nguvu na moyo mchangamfu. Hakusema sisi wengine itatufanya nini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ufungaji. Kitabu cha maelekezo hakina maneno. Kina picha za mwanamume anayetabasamu huku akikaza skrubu, na anaendelea kutabasamu hata pale ambapo skrubu moja imembakia mkononi. Sisi pia ilitubakia moja, ila hatukutabasamu. Baba alikataa kugusa chochote mpaka mashine ikaguliwe kama gari linalokwenda safari. Nikaipiga teke miguu ya meza, ndiyo matairi. Nikapiga magoti kutazama kama kuna oili inayovuja, nikatoa taarifa kwamba hakuna. Ndipo akauliza vioo viko wapi.

Mheshimiwa, gemu lenu halina vioo vya pembeni. Baba ameendesha lori maisha yake yote na hawezi kuondoka mahali bila kuona nyuma. Ilibidi nifunge kwa kamba kioo cha mama cha kuvalia upande mmoja wa runinga, na kioo cha kunyolea ndevu upande wa pili. Mama siku hizi anakwenda kazini kilemba kikiwa kimelalia sikio. Halafu kinachoonekana kwenye vioo hivyo, bila shaka, si barabara ya kwenye gemu. Ni mlango wa jikoni, na nyuma ya mlango wa jikoni ndipo ninapojificha wageni wakija. Nimekaa pale miaka yote bila kujulikana. Sasa baba anaendesha huku ananiona, na anawaambia wageni wasiwe na haraka, binti yupo, anakuja kuwasalimu. Inabidi niende.

2. Mwendo. Mlituambia ni mashindano. Baba haendeshi mashindano, anaendesha kwa sheria. Kwenye gemu kuna mbuzi wanaovuka barabara, na nadhani waliwekwa ili wakwepwe kwa mbwembwe. Baba anasimama. Anamsubiri mbuzi avuke, anasubiri na mwingine aliyeko mbali kidogo, kwa kuwa anasema mbuzi hatembei peke yake. Madereva wenzake wanamaliza, wanapewa kombe, wanapigiwa muziki, yeye bado yuko mlimani na gia ndogo. Akifika, mashine inamwonyesha kikatuni kinacholia. Sauti ya mwanamke kutoka humo humo humwambia maneno ya kigeni kwa upole mno, na mama ameshauliza mara nyingi ni nani huyo anayembembeleza mume wake sebuleni kwake.

Habari zikasambaa. Kinyozi wa jirani sasa anamwacha mteja na povu kidevuni ili aje kutazama. Alimwuliza baba, "Dereva, hilo ni gari au jeneza?" Baba hakugeuka, akamjibu, "Jeneza hubeba mmoja. Mimi nafikisha wote." Kinyozi alicheka mpaka akakaa kwenye kiti changu. Tangu hapo kiti kimekuwa chake.

3. Sauti yangu. Hili linaniuma zaidi ya hayo. Kwa kuwa vioo havisaidii kitu isipokuwa kunifichua, baba aliamua lori lake lazima liwe na utingo wa kumwelekeza anaporudi nyuma. Ndani ya nyumba mchana tupo wawili tu, na mmoja ndiye dereva. Nikawa nasimama kando ya runinga na kumwambia kama nyuma ni salama. Mara ya kwanza hakunisikia, gari likaingia mtoni. Mara ya pili pia. Akazima mashine, akanitazama, akasema sauti ile ni ya kuombea chumvi kwa jirani, na utingo anayenong'ona anaua watu.

Basi nikapiga kelele. Mheshimiwa, mimi ni mtu ambaye mwalimu akiita majina darasani nilikuwa nainua kidole tu, na bado naandikwa sikuja. Nilipopaza sauti kwamba nyuma ni shwari, mbwa wa mtaa walibweka, na fundi aliyekuwa juu ya paa la nyumba ya pili aliitikia kwamba amesikia. Sasa nafanya hivyo kila siku. Madhara yake ni kwamba sauti haikubali kurudi ilikokuwa. Wanawake wa bombani wananisalimu, nami najikuta nimeitikia na kuuliza habari za watoto. Juzi dukani mtu mzima mwenye koti alipita mbele ya foleni, nikasikia mtu anamwambia kwamba foleni inaanzia kule nyuma. Aliyesema nilikuwa mimi. Yule bwana akarudi nyuma. Mpaka leo sijapona mshtuko huo, na sijui kitengo chenu kina dawa gani.

4. Mikono ya baba. Hapa ndipo mashine yenu ilipoanza kuninyang'anya kazi waziwazi. Zamani baba hakuweza kutoka kitandani bila mimi. Sasa anashika ukingo, anajivuta, anajiweka kwenye kiti cha magurudumu, na nikifika namkuta amevaa shati. Anajisukuma hadi jikoni. Anabandika chai. Anakamua nguo mpaka zinatoka kavu, kamba ya kuanikia imebaki haina kazi, kama mimi. Kifuniko cha kopo la chumvi akikifunga yeye, hakuna mtu mwingine wa kukifungua. Juzi mama alimfuata na kopo mpaka bafuni, ikabidi alipitishe mlangoni.

Nilijaribu kutetea nafasi yangu. Nilikuwa naamka kabla yake. Naye akaanza kuamka kabla yangu. Nilikificha kiti chake cha magurudumu nyuma ya pazia ili aniite, akakitafuta kwa kujivuta kwa mikono sakafuni, akakipata, akapanda, kisha akaniuliza kwa upole kama usiku kulikuwa na wezi.

5. Chuo. Sasa nafika kwenye kiini. Nimepata nafasi chuo cha ualimu, katika mji mwingine, na natakiwa kuripoti Jumatatu ijayo. Huko watu hulala mabwenini, hujitambulisha kwa kusimama, na mwishoni mtu anapewa chaki na darasa zima la watoto wanaomtazama. Nilikuwa nimeshajipanga vizuri. Kila aliyeniuliza nitakwenda lini nilimjibu kwa swali moja tu: baba atabaki na nani? Lilikuwa swali zuri sana, Mheshimiwa. Shangazi zangu walikuwa wakilisikia wanatikisa kichwa na kunisifu kwamba mtoto wa siku hizi mwenye moyo kama wangu hapatikani hata kwa tochi. Mwenye nyumba wetu alinitolea mfano kwa mabinti zake.

Wiki iliyopita shangazi mkubwa alikuja, akaniuliza tena, nami nikamjibu vilevile. Wakati huohuo baba alitoka jikoni akijisukuma, sinia la chai mapajani, hakumwaga hata tone. Shangazi alimtazama yeye, akanitazama mimi. Safari hii hakunisifu.

Hivyo mashine yenu imechukua swali langu, na sina lingine. Kwa heshima na taadhima naomba yafuatayo:

(a) Gari lenu lije kuichukua mashine Ijumaa hii, kabla ya siku ya kuripoti. Kuna wagonjwa wengi wanaoihitaji kuliko sisi, na majirani zao bila shaka ni wastaarabu kuliko kinyozi wetu.

(b) Ikishindikana, mtuletee nyingine inayozunguka kwa tabu kidogo na kumchosha mtu haraka.

(c) Ikishindikana pia, naomba barua yenye mhuri wa kitengo inayothibitisha kwamba mikono ya baba bado ni dhaifu na anahitaji mtu wa karibu, ikiwezekana binti yake. Kumpima hakutakuwa shida. Mwambieni tu asijitahidi.

Natanguliza shukrani. Nisalimie daktari wa viatu vya kijani, ambaye simlaumu binafsi. Msalimie mlinzi wa getini, na mhudumu aliyekata kona. Msalimie pia yule mama wa mapokezi aliyeita jina langu siku ile mpaka akaacha, akasema nimeshaondoka. Nilikuwepo. Nilikuwa nimekaa mbele yake.

Wako katika ujenzi wa afya,

Binti wa dereva

N.B. Baba ameisoma barua hii. Nilikuwa nimeiweka juu ya kabati, mahali ambapo mwezi uliopita asingeweza kujivuta akafika.

Aliposoma habari za kinyozi alicheka. Alipofika namba tano aliacha kucheka, akairudia, akaniita. Nilijua nitafokewa, nikasimama mlangoni. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, hata mimi nilipenda unisukume. Tukipita, watu walikuwa wanakuuliza wewe hali yangu, na wewe ulikuwa hujibu, nami sikulazimika kujibu. Basi tukapita salama wote wawili." Kisha akawa anafuta vumbi kwenye gurudumu ambalo halikuwa na vumbi. Akasema mbuzi wa kwenye gemu ndio viumbe wa kwanza kumwona akiendesha tangu ajali, na siku ya kwanza alipowaona aliachia vishikio akajifunika uso, ila sikuona kwa sababu nilikuwa jikoni, namtazama kwa kioo kilichopinda.

Nilimwambia tu kwamba utingo mpya atakuwa mama. Alifikiri kidogo, akakubali kwamba sauti anayo.

Kwa hiyo tafadhali gari lenu lisije Ijumaa, wala siku nyingine karibuni. Lile ombi la (c) lichaneni. Jumamosi hatutakuwepo nyumbani, tutakuwa njiani kuelekea stendi ya mabasi, baba na mimi, kwa barabara kubwa yenye watu wote wanaotufahamu. Ameniomba nisikishike kiti. Nimemwambia sitakishika, nina begi la kubeba.