Nilivyomsengenya Bosi Huku Ananitazama

Leo nimeadhirika, jamani. Naandika nikiwa kituo cha metro, treni zinapita nazitazama tu, kwa sababu sijui nirudi nyumbani kulala au nirudi kufungasha mizigo.

Mnajua nimeomba kusoma shahada ya uzamili ya biashara, masomo ya jioni. Miaka yote hii niko mapokezi ya hoteli hapa Al Barsha, ugenini kwa Waarabu, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Nikasema basi, na mimi siku moja niitwe meneja. Chuo kikanijibu: njoo kwenye usaili.

Wanjiku, Mkenya ninayekaa naye chumba kimoja, akanipa darasa.

"Lazima watakuuliza kuhusu bosi msumbufu. Hiyo ni mtego, Rehema! Ukimchoma, wanaona shida ni wewe. Hata kama ni shetani, sema alikufunza uvumilivu."

Bosi wangu ni Mista Nabil. Anafoka mbele ya wageni. Akikosea yeye, kosa ni langu. Nikipatia mimi, sifa ni zake. Nikafanya mazoezi mbele ya kioo mpaka akageuka kuwa "mtu mwenye viwango vya juu". (Nilikaribia kuamini.)

Asubuhi nikampigia simu, sauti nimeilegeza. "Sir, tumbo."

"Khalas, basi, lala," akasema. "Hata mimi leo sipo, nina mkutano."

Hakufoka! Nikaona Mungu yuko upande wangu. Nikaazima koti la Wanjiku, nikapaka wanja, huyoo.

Kumbe usaili wenyewe ni wa kundi. Waombaji tunazunguka meza moja, kila mtu anasikia majibu ya mwenzake. Kiti kilichotazamana na changu kilikuwa kitupu. Msaili, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasema tumsubiri mwenzetu kidogo, amekwama kwenye foleni.

Mlango ukafunguliwa. Mista Nabil.

Nikashika tumbo. Sasa lilikuwa linauma kweli! Yeye naye akaganda, mkono kwenye kitasa, kama mtu aliyeingia choo cha kike.

"Mnafahamiana?" mama akauliza.

"Hapana," tukajibu kwa pamoja. (Mara ya kwanza tunakubaliana jambo.)

Swali la kwanza: tueleze kuhusu bosi uliyepata taabu kufanya naye kazi. Na aanze nani? Mimi.

Visa yangu iko mikononi mwa hoteli, na hoteli iko mikononi mwa huyo aliyekaa mbele yangu. Nikaona afadhali nizue bosi mwingine kabisa. "Zamani, Dar es Salaam, nilikuwa na bosi mmoja, mama mtu mzima..."

"Tupe mfano," msaili akasema.

Sasa uongo unataka maelezo, na kichwani mwangu kulikuwa na maelezo ya mtu mmoja tu.

"Alikuwa na viwango vya juu," nikasema. "Akikasirika haongei kwanza. Anagongagonga kalamu mezani. Halafu anasema, 'Yalla, jieleze.'"

Mara ng'ambo ya meza: tak, tak, tak.

Meza nzima ikageuka. Mista Nabil akaitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake kana kwamba kuna mtu amembambikia. Akaiweka chini taratibu.

"Huyo mama wa Dar," msaili akauliza, kwa upole wa kuua, "alikuwa anasema yalla, kwa Kiarabu?"

"Alipenda sana... lugha," nikajibu.

Kijana wa pembeni akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi, hakikugeuka. Wengine wakafuata. Mimi nikatamani sakafu ipasuke.

Ikafika zamu ya Mista Nabil. Akasema kuna mwenye mali anayemfokea mbele ya wafanyakazi, halafu kila wazo zuri analifanya lake. Sauti yake ilikuwa chini, siijui kabisa. Wallahi nilimwonea huruma. Yote aliyoyasema nayajua, maana akishafanyiwa leo, kesho ananifanyia mimi.

Tukajikuta wawili kwenye lifti.

"Tumbo vipi?"

"Linaendelea vizuri, sir. Mkutano?"

"Umekwisha." Akautazama mlango. "Mwenye hoteli asijue nilikuwa hapa."

"Kwani hata mimi nilikuwepo, sir?"

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Kweli nagonga kalamu?"

Nikasoma namba za lifti kwa bidii.

"Kesho zamu ya alfajiri," akasema, mlango ukafunguka, akaenda.

Sasa hivi yule mama ametuma ujumbe kwa kundi zima: tumemfurahisha, ana hamu ya kutuona darasani. Sote.

Bosi mchana, bosi jioni! Jamani, Waislamu kwa Wakristo, anayejua kuomba na aniombee: nifeli.