Ukuta wa Bafu Langu Si Mali ya Historia

Kwa Ndugu Mkuu wa Chuo Kikuu,

Pokea salamu za fundi cherehani wa nyuma ya maktaba yenu, yule anayewafupishia majoho kila mahafali. Mimi ni mzima, ila sijaoga vizuri tangu muhula uanze, na kosa ni la chuo chako. Naomba unisikilize kwa mpangilio.

1. Historia. Mwalimu wenu tunayemwita Miwani aliegemea ukuta wa bafu langu akiongea na simu. Ghafla akaikata simu, akaubusu ukuta. "Mama, haya mawe ni ya karne nyingi!" Nikamwambia ni mawe yaliyobaki baba mkwe wangu alipojenga banda la kuku. Akanitazama kwa huruma, kama mgonjwa asiyejua anaumwa. Tangu hapo bafu limezungushiwa kamba. Kuoga ni kwa ruhusa, na sabuni nimekatazwa, eti inamomonyoa ustaarabu. Jana nilitoka na taulo nikakuta wanafunzi wamepanga mstari. Mmoja akauliza kama nami ni sehemu ya maonyesho.

2. Jiografia. Hawa ni wapole, lakini ndio waliovunja nyumba yangu. Walichomeka kijiti chenye bendera jikoni, wakasema siku za usoni bahari itafika hapo. Lini, hawakusema. Mume wangu, ambaye tangu tuoane alikuwa akitafuta sababu, ameacha kuziba paa. "Mke wangu, nani anaziba paa la bahari?" Sasa anakaa mlangoni akiyangoja maji. Nikimwita ale, anauliza kama yameshafika.

3. Utamaduni. Hapa ndipo paliponiuma. Mimi na wifi yangu, tunayepakana naye uani, tumegombana kwa amani miaka yote. Wanafunzi wako wakaja na kinasa sauti. Sasa wifi hatukani tena kama binadamu: anasafisha koo, anaanza kwa methali, kisha anawageukia, "Hiyo mmeipata, au niirudie?" Mimi nimeshika kiuno nangoja zamu, naambiwa, "Subiri kidogo, mama, tunabadilisha betri." Hasira ikipoa, Ndugu Mkuu, hairudi hivi hivi.

Kwa hiyo naomba chuo kihamishiwe bara. Kama majengo ni mazito, basi ihamishwe bahari, maana ndiyo iliyowaleta hao wa kale wenye mawe, na ndiyo inayoninyemelea jikoni. Bila bahari hamtakuwa na historia wala jiografia, na wifi ataishiwa methali za mawimbi. Na hilo likishindikana, mimi na mume wangu tutangazwe rasmi kuwa marehemu, tupumzike. Ila mtuahidi kwa maandishi kwamba hamtatufukua.

Nisalimie walimu wote, wapishi wa bwenini, mlinzi wa lango, hata na Miwani, ingawa hastahili.

Ni mimi, nisiye na pa kuogea,
Fundi Cherehani

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha nimepashwa habari kwamba Miwani na kamba yake wamehamia kwa wifi, eti choo chake ni cha kale kuliko bafu langu. Uongo mtupu! Choo kile kilijengwa nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Kuhusu lile banda la kuku, baba mkwe alikuwa msahaulifu sana, Mungu amrehemu. Yawezekana kabisa ukuta aliukuta. Umtume Miwani kwangu kesho asubuhi na mapema. Sitaoga.